Mrejesho: nta ya nyuki kunasa kwenye kalibu ya plasta

Niliuliza kwa nini sanamu za nta za wanafunzi hapa Iringa zinanasa kwenye kalibu na kutoka na mistari. Asanteni wakuu, limeisha.

Kalibu ilikuwa kavu, ikawa inafyonza nta. Sasa inalowekwa maji ya uvuguvugu mpaka viputo vikome, inafutwa hadi ising'ae, ndipo tunamimina. Mistari ni baridi ya Julai tu: nta inaganda tabaka kwa tabaka. Inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, kwa hiyo imiminwe ikiwa 70 hivi, mfululizo, bila kusita.

Zilizoharibika zinarudi sufuriani, sufuria ndani ya maji ya moto, kamwe si motoni moja kwa moja. Zikaushwe kwanza. Ikishayeyuka, chuja kwa kitambaa. Chenga za plasta huacha vidoa vyeupe.