Naomba ushauri: kuzunguka Mtwara kwa baiskeli ya kukodi

Habari za humu wakuu. Nipo Mtwara wiki ya pili sasa, kikazi, nimefikia Ligula. Jumamosi nataka kuzunguka mwenyewe kwa baiskeli, maana kwenye bodaboda unapitishwa tu, huoni kitu. Nimeanzia Shangani kwa miguu, pamenikolea.

Hamu yangu kubwa ni Mikindani. Ni kama kilomita 10 na lami ipo, nikaone boma la Mjerumani na zile nyumba za mawe, mji aliopitia Livingstone mwaka 1866. Kwenda sina shaka. Ninachowaza ni kurudi mchana, jua la utosi na huu upepo wa kusi unanipiga usoni. Je, nitoke alfajiri?

Kuna jamaa gengeni kaniambia niongee na fundi baiskeli yeyote, ataniazima ya kwake kwa siku. Hilo ni la kawaida huku? Bei ya haki ni ngapi, na huwa wanashika kitambulisho? Kumwachia mtu nisiyemjua kitambulisho, hapana. Pancha ikinikuta njiani, mafundi wapo?

Ufukwe wa Msimbati nimeambiwa njia yake ni mchanga mtupu, hiyo nimeiacha.