Kifaa cha bure chenye masharti: ni mapitio au ni tangazo?

Wakuu, naomba hili tulijadili bila ushabiki wa kampuni. Mtu akipewa kadi ya grafiki (kifaa kinachochora picha za gemu kwenye kompyuta) au prosesa ya bure na mtengenezaji, kisha akapangiwa gemu za kupimia, mipangilio ya kutumia na kadi ya kuilinganisha nayo, mimi nasema anachoandika ni tangazo, hata kama kila namba aliyoweka ni ya kweli.

Chukueni RTX 5060, kadi ya Nvidia ya Mei 2025. Kwa kawaida wahakiki hupata kadi na draiva (programu inayoiendesha kadi) siku kadhaa kabla ya mauzo, wanapima kwa utulivu, ndipo wanachapisha. Safari hii wengi hawakupewa draiva mapema. Wachache waliopewa walikubali kutoa onjo la awali kwa masharti, na fremu, yaani picha zinazofuatana kwenye skrini, za kubuniwa na DLSS 4, teknolojia ya Nvidia, zikawa ndiyo kiini cha vipimo. Mwezi mmoja kabla yake RTX 5060 Ti ilitoka ya kumbukumbu ya GB 8 na ya GB 16, na kadi walizotumiwa wahakiki zilikuwa za GB 16. Ile ya GB 8, yenye maswali yote, aliyetaka kuipima alikwenda kuinunua mwenyewe.

Na namba ya kweli inaweza kukupoteza vizuri tu. Januari 2025, kwenye maonyesho ya CES, mkuu wa Nvidia, Jensen Huang, alisema RTX 5070 ya dola 549 ina utendaji wa RTX 4090, kadi ya kizazi kilichotangulia iliyoingia sokoni kwa dola 1,599. Hesabu hiyo ilisimama juu ya fremu za kubuni: kwa kila fremu moja inayochorwa kweli, kadi inaongeza hadi tatu za kwake. Picha inaonekana laini, sikatai. Ila hizo za kuongeza hazijui umesogeza kipanya. Fremu 30 zikifanywa 120, jicho linafurahi, mkono unabaki kwenye 30 zilezile. Machi vipimo huru vilipotoka, ukiondoa fremu za kubuni, 5070 ilikuwa jirani wa RTX 4070 Super, kadi ya kati ya kizazi kilichotangulia. 4090 iko mbali huko mbele.

Wapo wanaonijibu kwamba bila kadi za bure mhakiki mdogo hana pa kushika, na siku ya kwanza mnunuzi atabaki na maneno ya mtengenezaji peke yake. Hoja hii ina uzito na siidharau. Kupima kwa kina ni gharama: tovuti ya AnandTech, iliyoanza 1997 na kutufundisha wengi namna ya kusoma prosesa, ilifunga Agosti 2024. Lakini tazameni woga unaozaliwa humo. Desemba 2020 Nvidia iliwaandikia Hardware Unboxed, chaneli ya mapitio ya YouTube, kwamba haitawapa tena kadi zake za Founders Edition (zenye chapa ya Nvidia yenyewe), kwa kuwa walitilia mkazo uchoraji wa kawaida kuliko ray tracing (uchoraji unaoiga njia ya mwanga), na kwamba mambo yatafikiriwa upya mwelekeo wao wa uhariri ukibadilika. Kelele zilipigwa, siku chache baadaye kampuni ikaomba radhi na kurudi nyuma. Hao wana watazamaji wengi wa kuwapigia kelele. Mwenye watazamaji 2,000 angepigiwa na nani? Angenyamaza, na kadi inayofuata angepima walichotaka apime.

Halafu hata mapitio safi ya wiki moja yana mwisho wake. Kadi ya Nvidia ya GTX 970 ilitoka Septemba 2014 na kusifiwa kila kona. Ni Januari 2015 ndipo ikajulikana kuwa MB 512 za mwisho katika GB 4 za kumbukumbu yake zinakwenda polepole, na kwamba jedwali la sifa walilopewa wahakiki lilikuwa na makosa. Prosesa za Intel za kizazi cha 13 na 14 zilipimwa zikang'aa. Tatizo la volti kupanda na kuzichakaza lilikuja kukubaliwa 2024, watu wameshahangaika na kompyuta zinazozima katikati ya kazi.

Mimi liliniuma kwenye SSD, diski ya kuhifadhia data. Nilinunua baada ya kusoma mapitio yaliyoisifu, nikaanza kuhamisha video za GB 200. Dakika ya kwanza MB 1,700 kwa sekunde. Ikashuka 400, ikashuka 90, ikaganda hapo huku nimeikodolea macho. Jina ni lile lile, boksi ni lile lile, chipu za ndani zimebadilishwa baada ya wahakiki kumaliza kazi. Mchezo huu umeshafanywa na zaidi ya kampuni moja, na waliopima sampuli ya uzinduzi hawakuwa na namna ya kuuona.

Ninachotaka kinawezekana. Kwanza, masharti yote yaandikwe aya ya kwanza: nani kachagua gemu, nani katoa kadi, nini kimekatazwa. Pili, baada ya miezi sita mhakiki anunue kifaa hicho hicho dukani na akipime upya. Si vyote, vile alivyovisifu sana tu.

Sasa wewe unayetetea utaratibu wa sasa, nijibu hili: kama sharti halina madhara, kwa nini mtengenezaji aliweke?