Ardhi ya Wazulu: mfalme aendelee kuishika kwa niaba yao, au kila kaya iandikiwe haki yake?

Mzee wa Kijiweni

Wakuu, kila Wazulu wakitajwa humu tunaishia kwa Shaka, mikuki na vita vya Isandlwana vya mwaka 1879. Leo naomba tuyaweke hayo pembeni, tujadili jambo linalowagombanisha wenyewe kwa wenyewe mpaka sasa: ardhi.

Kwa ambaye hajafuatilia, karibu asilimia 30 ya jimbo la KwaZulu-Natal, hekta zipatazo milioni 2.8, iko chini ya chombo kinachoitwa Ingonyama Trust. Mdhamini ni mmoja tu, mfalme wa Wazulu. Sheria iliyokiunda ilipitishwa na bunge la KwaZulu, ile "nchi" ya Wazulu iliyobuniwa na makaburu, ikaanza kutumika tarehe 24 Aprili 1994. Uchaguzi wa kwanza wa watu wa rangi zote ulikuwa tarehe 27. Siku tatu! Inkatha, chama cha Mangosuthu Buthelezi kilichotawala KwaZulu, kilikuwa kimeugomea uchaguzi huo mpaka wiki moja kabla, na huku watu wanauana. Anayeniambia sheria ile ilitungwa kwa kutulia, kwa kumfikiria mwananchi wa kijijini kama Nongoma, simwelewi.

Hata hivyo, wengi hawakuwa na shida na udhamini wenyewe. Mtu alikwenda kwa induna (msaidizi wa chifu), akaonyeshwa kiwanja, inkosi (chifu) akaridhia, akajenga. Wengine walipewa karatasi ya ruhusa ya kukaa, ile maarufu kama PTO. Balaa lilianza pale bodi ya Trust ilipotaka watu wabadilishe PTO ziwe mikataba ya upangaji, na mwaka 2017 ikatoa matangazo magazetini kuwaita. Mkataba wa miaka 40, unalipa kila mwaka, na kodi inapanda kwa asilimia 10 kila mwaka. Pigeni hesabu: anayeanza na randi 1,000, mwaka wa 40 anadaiwa zaidi ya randi 41,000, kwa kiwanja alichozikwa babu yake.

Juni 2021 Mahakama Kuu ya Pietermaritzburg ikasema mikataba ile ilikiuka sheria na katiba, waliolipa warudishiwe fedha zao. Waziri wa ardhi naye akaambiwa ameshindwa kuwalinda watu.

Msimamo wangu: mahakama ilitenda haki, ila haijamaliza kazi. Mdhamini akishaanza kumtoza kodi mtu anayemshikia mali yake, huyo ni mwenye nyumba. Sheria ibadilishwe, haki ya kaya iandikwe kwa jina la kaya, mfalme abaki na ufalme wake. Karibuni, tupingane kwa hoja.

Mngoni wa Peramiho

Shikamoo mzee. Ila umebisha hodi kwenye nyumba ambayo siyo. Ukaguzi wa ardhi uliofanywa na serikali ya Afrika Kusini yenyewe mwaka 2017 ulionyesha kuwa katika mashamba yanayomilikiwa na watu binafsi, asilimia 72 yako mikononi mwa wazungu. Mwaka huo huo kamati ya rais wa zamani Kgalema Motlanthe inaibuka na pendekezo kwamba Ingonyama Trust ifutwe au irekebishwe! Marehemu mfalme Goodwill Zwelithini aliwaka, na mimi ningewaka. Aliita imbizo (mkutano wa hadhara) Ulundi Julai 2018, na mwezi huo huo Rais Ramaphosa akafunga safari kwenda kumhakikishia kwamba serikali haina nia ya kuichukua ardhi ile.

Kumbukeni ilivyobaki. Baada ya 1879 Waingereza waliikata nchi ya Wazulu vipande 13 wakawapa machifu waliowataka wao. Mwaka 1887 wakaitwaa moja kwa moja. Kisha ikaja tume ya 1902 hadi 1904, ikamega maeneo mazuri kwa ajili ya walowezi, ndiyo hayo mashamba ya miwa mnayoyaona ukanda wa pwani. Kilichosalia ndicho mnachotaka kukigawa kwa hati. Hati maana yake benki, na benki maana yake mnada. Wamasai wa Kajiado, Kenya, waligawana ranchi zao za pamoja, kila mtu na hati yake mfukoni. Nendeni mkaulize ni wangapi bado wana shamba.

Sisi wa Songea asili yetu ni huko, jambo hili linatugusa.

Hoja Kwanza

Mngoni, usijiongezee ukoo. Zwangendaba, aliyewaongoza babu zenu, alikuwa upande wa Wandwandwe, mahasimu wa Wazulu, akashindwa na Shaka, akakimbia na watu wake mpaka wakavuka Zambezi mwaka 1835. Yaani babu zenu walikimbia nyumba ile ile unayoitetea leo.

Tukirudi kwenye mada: nani alikwambia udhamini huu ni mila ya Wazulu? Natal walianza kuwa na mdhamini wa ardhi ya wenyeji mwaka 1864, enzi za Theophilus Shepstone, ofisa wa Waingereza aliyesimamia mambo ya wenyeji, na wadhamini walikuwa gavana na baraza lake. Mwaka 1936 makaburu wakaunda wa kwao kwa nchi nzima, mdhamini akawa Gavana Mkuu. Mwaka 1994 jina la mfalme likaingizwa kwenye nafasi ile ile. Enzi za Mpande, ndugu yake Shaka, mfalme aliwagawia watu ardhi, ndiyo, lakini kaya ikishajenga umuzi (boma) wake na zizi lake katikati, hakuna aliyeidai kodi ya pango. Mila mnayoitetea ina muhuri wa ofisi ya mkoloni.

Mama Nasra

Mnazungumza kama vile vijiji vile havina wanawake. Waliokwenda mahakamani ni wakazi wenyewe, pamoja na taasisi ya kutetea katiba, CASAC, na chama cha wanawake wa vijijini, Rural Women's Movement. Kwa nini wanawake? Kwa sababu mwanamke akienda kuomba kiwanja au kusaini karatasi alikuwa anaambiwa alete mwanamume. Kaka, mjomba, hata mtoto wa kiume. Amejenga kwa jasho lake, karatasi ina jina la mwingine. Mngoni, hapo benki haijafika bado, na nyumba imeshaondoka.

Msafiri wa Durban

Mimi niko huku, nimepanga chumba kwa mama mmoja ambaye kwao ni Nongoma. PTO ya marehemu baba yake anaitunza ndani ya mfuko wa nailoni, kwenye sanduku moja na kadi za bima ya mazishi. Karatasi imekuwa ya njano, mihuri imefifia, lakini ukitaka kuishika anakwambia nawa mikono kwanza. Kaka yake alisaini mkataba wa upangaji, alikuwa anatafuta mkopo wa duka. Yeye alikataa. Alisema hawezi kulipia kodi makaburi ya wazazi wake, maana yako pale pale, karibu na zizi.

Sasa msidhani huyo mama anampinga mfalme. Zwelithini alipofariki Machi 2021 alivaa nyeusi, na mtu akimtania mfalme mbele yake anatimuliwa barazani. Anachosema ni kwamba mfalme hakosei, wanaokosea ni watu wa ofisi. Wengi huku wanazungumza hivyo hivyo. Kwa hiyo ile habari ya "wanaotaka mfalme na wasiomtaka" naiona zaidi kwenye televisheni kuliko mtaani.

Mngoni wa Peramiho

Msafiri umenisaidia sana. Tatizo ni ofisi, basi isafishwe ofisi. Mikataba ya upangaji siitetei hata kidogo. Ila kwetu Tanzania ardhi yote ni ya umma, Rais ndiye mdhamini, na sijaona uzi humu unaodai avuliwe. Mzulu akiwa na mdhamini wake mnaita ukandamizaji?

Mzee wa Kijiweni

Tofauti ipo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 imeiachia halmashauri ya kijiji usimamizi, na mkutano mkuu wa kijiji una sauti. Hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kuandikwa majina ya mke na mume. Mwenyekiti wa kijiji akiharibu unamnyima kura. Inkosi utamnyima nini?

Mngoni wa Peramiho

Mzee wangu, yaliyotokea Loliondo Juni 2022 uliyasoma au ulikuwa safarini? Vijiji vilikuwepo, halmashauri zilikuwepo, na vigingi vya mpaka wa hifadhi vikasimikwa. Ndiyo maana nauliza: mkimtoa mfalme, siku mnunuzi mkubwa akija na serikali mkononi, nani atamzuia?

Mama Nasra

Somkhele alizuia? Pale karibu na Mtubatuba kuna mgodi wa makaa ya mawe katika ardhi ya Trust hiyo hiyo. Familia zilihamishwa, makaburi yakafukuliwa. Fikile Ntshangase, bibi aliyekuwa anapinga mgodi usipanuliwe, alipigwa risasi nyumbani kwake Oktoba 2020 akafa. Mdhamini alikuwepo wakati wote huo.

Mngoni wa Peramiho

Dada, leseni ya madini hutolewa na serikali, siyo na mfalme. Usichanganye.

Mama Nasra

Sichanganyi. Leseni ni ya serikali, sawa. Mgodi umekaa juu ya ardhi ya nani, na pango la ardhi hiyo linalipwa kwenye akaunti gani? Ukinijibu hilo ndipo uniambie nani anamlinda nani.