Muswada wa marekebisho tunaambiwa tutoe maoni, tuutolee maoni vipi?

Wakuu, nina hasira, mnivumilie.

Hapa Tanzania muswada unatangazwa, wananchi tunaitwa tutoe maoni. Safi. Unashusha faili, unafika ibara ya nane unakuta: Sheria Kuu (yaani ile sheria iliyopo inayobadilishwa) inarekebishwa katika kifungu fulani kwa kufuta neno "na" na badala yake kuweka neno "au". Basi, imeisha hiyo! Kifungu chenyewe kinasemaje? Katafute mwenyewe. Ukiipata hiyo Sheria Kuu ni nakala ya zamani, imesharekebishwa mara kadhaa, kila marekebisho na faili lake, tena kwa Kiingereza.

Na msidhani hako ka-"au" ni kadogo. Jana leseni yako ilifutwa ukivunja sharti (a) na (b). Kesho ukivunja moja tu, umekwisha.

Nikakimbilia "Madhumuni na Sababu" kule mwishoni mwa muswada, nikijua ndiko watafafanua. Nakuta: Lengo la marekebisho ni kuboresha utekelezaji wa Sheria. Asanteni sana!

Muswada wa Sheria ya Fedha ndiyo balaa lenyewe. Unaingia Juni, unagusa Sheria ya Kodi ya Mapato Sura ya 332 (namba yake kwenye orodha ya sheria), ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani, Sura ya 148 na nyingine kibao, tarehe 1 Julai unaanza kung'ata. Ikija hati ya dharura, ile ya kuupitisha muswada harakaharaka, kama miswada ya rasilimali za nchi Julai 2017, hata huo muda wa kuhangaika huupati.

Halafu kuna jedwali la marekebisho, yaani orodha ya mabadiliko ya muswada wenyewe ukiwa tayari bungeni. Serikali inaleta lake, mbunge naye lake, Kamati ya Bunge Zima, yaani wabunge wote wakikaa kama kamati, inapitia ibara kwa ibara. Kinachosomwa mara ya tatu, hatua ya mwisho bungeni, siyo ulichosoma wewe, ila kwenye magrupu bado inazunguka nakala ya mwanzo.

Na nyie wa "sheria imeshapita" muswada ukisomwa mara ya kwanza, acheni. Hapo Katibu wa Bunge kasoma jina la muswada tu! Hata Bunge likipitisha, Ibara ya 97 ya Katiba inamruhusu Rais kuurudisha na sababu zake. Akisaini, bado angalia tarehe ya kuanza kutumika, zipo sheria zinazomsubiri Waziri atangaze kwenye Gazeti la Serikali.

Wangeweka safu mbili tu, kifungu kilivyo na kitakavyokuwa, wangepungukiwa nini? Anayeandaa muswada anazo zote mbili mezani.

Mwenye Sura ya 332 iliyounganishwa marekebisho yote aiweke hapa. Maoni mwisho Ijumaa.