Taya la mbao: nitafanya namna gani liteleze mbele?

Seremala wa Kadutu, Bukavu
Salamu wandugu. Mwalimu wa wauguzi ameniagiza taya la kufundishia, mara mbili ya ukubwa wa kweli. Nimelichonga kwa mkaratusi, na magego yametoka vizuri sana. Nimelishika kwa bawaba mbili. Likifunguka kidogo, safi. Likiachama, pembe za taya zinarudi nyuma na kugonga nguzo ya shingo. Mwalimu anasema la kweli huzunguka, halafu huteleza. Niliweka vidole mbele ya masikio nikapiga miayo: kweli, kitu kinakimbia mbele. Sasa nitumie nini? Na ile diski ya katikati, naweza kuiacha? Analitaka Jumatatu, na avansi yenyewe ni ndogo.

Mwenye Koleo, Lubumbashi
Papa, diski usiiache! Ni gegedu ngumu, nyembamba katikati, nene mbele na nyuma. Chini yake kichwa cha taya, ile ncha ya juu iliyo mbele ya sikio, kinazunguka. Juu yake, diski na kichwa vinashuka pamoja kwenye kilima cha mfupa kilicho mbele ya shimo kinamokaa kichwa. Meno yakiachana sentimita 2 hadi 2.5, karibu yote ni mzunguko. Kutoka pale hadi 4 au 5, mtelezo unaingia. Tena kila upande uwe huru. Kichwa cha kulia kikienda mbele peke yake, kidevu kinaenda kushoto. Mtazame mtu anayetafuna muwa.

Fundi Chukudu, Goma
Basi ng'oa bawaba. Bolti ya kupita pande zote mbili nayo hapana, itakubana. Chonga vichwa viwili vya mviringo, uvishikilie juu kwa vipande vya mpira wa ndani wa tairi. Diski kata kwenye soli ya kandambili, uifunge kwa uzi kwenye pande za kichwa ili ifuatane nacho. Kamba moja kila upande ivute kwenda mbele, ndiyo msuli.

Seremala wa Kadutu
Kandambili kuukuu sikosi. Ukubwa ni mara mbili, kwa hiyo mtelezo uanze kwenye sentimita 4 au 5?

Mwenye Koleo
Ndiyo. Ila mtelezo hausubiri kama taa ya barabarani, unaingia polepole. Funga diski moja mbele zaidi: kichwa kikiipanda utasikia "ta!", ule mlio wagonjwa wanaoulalamikia. Na kichwa kikivuka kilima kikakwama, kinywa hakifungi. Hapo bonyeza magego ya chini kwenda chini kwanza, ndipo usukume nyuma. Mwalimu atakuongezea pesa kwa hilo, mdai tu.