Naombeni ushauri: mzee ninayemlea anataka nimpeleke kwenye muziki Jumamosi

Msafiri wa Stamford
Habari za usiku wakuu. Usingizi hauji, naombeni ushauri. Nipo Marekani, Stamford, nafanya kazi ya kulea wazee majumbani. Mzee niliye naye ana miaka 78. Jumamosi kuna bendi inapiga hapo jirani Port Chester, ukumbi wa Capitol, jumba la mwaka 1926. Ni zile bendi zinazopiga nyimbo za Grateful Dead, bendi ya zamani ya roki ya hapa Marekani, wimbo mmoja unaweza kufika dakika 20, gitaa linazurura kisha linarudi nyumbani. Mzee anataka nimpeleke. Swali langu ni moja tu: kuna pa kukaa? Na usiku treni zipo?

Nesi wa Zamani
Nimefika hapo mara mbili. Ukumbi si mkubwa, watu kama 1,800 tu, na ukishuka treni ya New Haven Line ni kama unavuka barabara. Shoo nyingi watu wa chini husimama, viti vipo juu. Wapigie simu ukumbini, waambie una mzee, watakupangia. Mchukulie na vizibo vya masikio. Ila mdogo wangu, afya yake ikoje? Mbona hujaigusa?

Fundi Kinanda
Mmenikumbusha mbali. Nikiwa darasa la sita marehemu baba alinipeleka kuwasikiliza Mlimani Park, wale Sikinde wa muziki wa dansi, nikakalia kreti la soda. Gitaa zilipoanza kujibizana, waimbaji wakarudi nyuma, baba akafumba macho, na chupa yake ikapata joto mkononi hadi wimbo unaisha. Kurefusha wimbo sisi tunakujua. Mpeleke mzee.

Kijana wa Tandale
Sikinde sawa, ila wapinzani wao Msondo ndio baba ya muziki.

Nesi wa Zamani
Tuacheni hayo kwanza. Mleta mada, nimekuuliza afya.

Msafiri wa Stamford
Samahani dada, nilikuwa namlaza. Wiki tatu zilizopita alitoka hospitali, ni moyo. Anatembea na kigari cha kushikilia. Lakini sasa anapanda ngazi 12 za hapa nyumbani bila kupumzika, tunafanya mazoezi kila asubuhi na mimi nahesabu. Tiketi nimeshanunua, mbili, viti vya juu.

MamaShukuru
Mwanangu, mzee ametoka kitandani juzi unampeleka kwenye makelele usiku? Muziki hautamwongezea siku. Na watoto wake wanasemaje?

Msafiri wa Stamford
Ana binti mmoja, anaishi mbali. Hajui. Mzee ameniomba nisimwambie.
Kabla hamjanirukia, nisikilizeni. Yule binti anapiga simu kila Jumapili, anauliza dawa, anauliza presha, anakata. Mimi ndiye ninayemwona mzee kuanzia saa 11 alfajiri. Tangu atoke hospitali hajataka kitu chochote, hata chakula namlazimisha. Hiki ndicho kitu cha kwanza ametaka. Mwaka 1971, mwezi wa pili, Grateful Dead walipiga Capitol siku sita, naye alikuwepo. Anasema usiku wa kwanza aliona wapiga ngoma wawili, kesho yake yupo mmoja. Na kila usiku watu walioneshwa picha ukutani, wakaambiwa wazitume kwa mawazo kwa mtu aliyelala Brooklyn. Akisimulia hapo anacheka mpaka machozi.

MamaShukuru
Kumpenda kwako hakukufanyi uwe mwanawe. Litakalotokea, atakayeulizwa ni wewe, na kibali chako cha kazi kinaondoka.

Mkaguzi
Wakuu, hii ni chai. Nilikuwa nafuatilia vizuri mpaka kwenye picha za kutumwa kwa mawazo. Mtu amelala Brooklyn anapokea picha kutoka kwa mashabiki? Mleta mada, ungetunga kitu kinachoingia akilini. Hata mzee simwamini kama yupo.

Kijana wa Tandale
Hata mimi nilianza kusikia harufu ya tangawizi.

Fundi Kinanda
Mkaguzi, hapo umeteleza. Hilo jambo lilitokea kweli, Februari 1971, watafiti wa ndoto wa hospitali ya Maimonides ya Brooklyn ndio waliolifanya na bendi. Na mpiga ngoma aliyeondoka baada ya usiku wa tarehe 18 ni Mickey Hart, akabaki Bill Kreutzmann. Hart alirudi baadaye.

Mkaguzi
Basi amesoma mahali. Kusoma si kuishi na mzee.

Msafiri wa Stamford
Mkaguzi, sina sababu ya kukudanganya. Ana rafu nzima ya kaseti, kila moja ina tarehe kwa kalamu ya risasi. Mwezi wangu wa kwanza nilizipanga upya kumfurahisha. Hapa mwezi unaandikwa kabla ya siku, mimi nikasoma kwa utaratibu wetu, nikazivuruga zote. Nilidhani nimefukuzwa. Akaniketisha sakafuni, tukazipanga moja moja siku mbili, na kila kaseti alinisikilizisha kipande. Ndiyo maana nataka kwenda. Siyo mzee tu. Na mimi nataka nikae pembeni yake wimbo ukirefuka.

Nesi wa Zamani
Mdogo wangu, ungesema hilo mwanzo. Nimefanya wodi ya moyo miaka mingi. Safari si lazima imdhuru, lakini hilo la kusema ni daktari wake, si wewe wala mimi kwa kuhesabu ngazi. Na daktari ataongea na binti. Mpigie binti usiku huu.

MamaShukuru
Nakuunga mkono nesi. Mpigie mwanangu.

Msafiri wa Stamford
Nimempigia. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza, "Amesema mwenyewe anataka?" Nikamwambia ndiyo. Kesho asubuhi ataongea na daktari.
Tatizo mzee bado hajui kuwa nimevunja ahadi. Shati la Jumamosi ameshalitundika mlangoni. Nimwambie sasa au nisubiri daktari?

Fundi Kinanda
Mwambie akiamka, kabla ya chai. Asilisikie kwa binti.

Msafiri wa Stamford
Sawa kaka. Ameshaanza kukohoa, naenda.