Mtu anauliza nani anasoma meseji zake, nyinyi mnamjibu Marekani na China!

Wakuu, nimechoka na leo sizunguki.

Mtu anaweka swali la mistari miwili: mtu wa nyumbani kwake anajua kila anachoandika WhatsApp, afanyeje? Wa kwanza anamjibu kwamba tangu Snowden, yule wa ujasusi wa Marekani, alipotoboa siri 2013 hakuna faragha duniani. Wa pili anadai simu za China ndizo zenye jicho. Wa tatu: "weka VPN mkuu". Ukifika chini watu wanatukanana kuhusu Taiwan na Ukraine, na aliyeuliza hajaambiwa hata na mmoja afungue WhatsApp, aguse vidoti vitatu vya juu, aingie kwenye orodha ya vifaa vilivyounganishwa.

Jibu lake lilikuwa pale. Mtu akiishika simu yako dakika moja, anafungua WhatsApp Web kwenye kompyuta yake, anaskani ile QR, anairudisha simu mezani. Simu yenye kufuli inaweza kumdai namba ya siri kwanza, lakini watu wa nyumba moja wanajuana namba. Kuanzia hapo anasoma kila kinachoingia, hata simu yako ikiwa imezimwa, kwa sababu kifaa kilichounganishwa hakiitegemei tena simu kuwa hewani. Vinaruhusiwa vifaa vinne. Unagusa usichokitambua, unakitoa. Kisha unabadili namba ya kufungulia simu, na unaingia kwenye alama za vidole kufuta zisizo zako. Ukibadili namba ukaacha kidole chake kimesajiliwa, hujafanya kitu. Na kama huyo mtu huwa anampiga, muulizaji aambiwe mapema: kifaa kikitolewa, mwenzake atajua ameshtukiwa. Apange pa kwenda kabla ya kugusa chochote. Hilo ndilo la kumwambia binadamu mwenye hofu, hayo ya NATO yana uzi wake.

Sasa hii VPN, programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva ya mtu mwingine, mnayoigawa kama panadol. Bila VPN, ukifungua tovuti yenye HTTPS (inayofunga kwa siri mawasiliano kati yako na tovuti), kampuni ya simu inaona jina la tovuti, saa uliyoingia na MB ulizotumia. Haioni ukurasa uliosoma wala ulichoandika. Ukiwasha VPN, kampuni ya simu inabaki kuona anwani ya seva moja tu, na majina ya tovuti sasa anayaona mwenye VPN. Kwa hiyo umehamisha imani kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, na huyo wa pili mara nyingi humjui hata ofisi yake iko wapi. Facebook ilinunua Onavo 2013, na VPN yake ya bure ikawa inaikusanyia Facebook taarifa za programu ambazo watu wanatumia, hadi ikaondolewa kwenye duka la Apple 2018. Hola nayo ilibainika 2015 kwamba inapitisha mawasiliano ya watu wengine kwenye intaneti ya watumiaji wake na kuuza njia hiyo. Halafu mtu anaandika "tafuta yoyote ya bure, zote sawa". Zote sawa kwa nani?

Wala VPN haiifichi kampuni ya simu mahali ulipo. Mnara unaiona laini yako, na laini Tanzania imesajiliwa kwa alama za vidole. Ukiwa umeingia kwenye akaunti yako ya Google, Google inakujua vilevile. Na mnaoshauri watu wa Android mtaje swichi mbili zilizo kwenye mipangilio ya VPN ya simu yenyewe: ile ya kuiacha iwake muda wote, na ile ya kuzuia mawasiliano yoyote nje ya VPN. Bila hiyo ya pili, ukitoka Wi-Fi kuingia kwenye bando VPN inaweza kukatika, na kwa sekunde hizo simu inatoka uchi. Sheria nayo mtaje: Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ilitoa tangazo la kuwataka watumiaji wa VPN wajisajili ifikapo tarehe 30 ya mwezi huo. Mtu ana haki ya kulijua hilo kabla hajaamua.

Kuna pia wanaochanganya kufungwa kwa mtandao mmoja na kukatwa kwa intaneti yote. X (zamani Twitter) ilipofungwa Tanzania Mei 2025, intaneti yenyewe ilikuwepo, kwa hiyo VPN ilikuwa na barabara ya kupita. Intaneti ilipokatwa siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, barabara yenyewe haikuwepo. Siku kama hiyo kumwambia mtu "badilisha VPN" ni kumchomea chaji ya simu bure. Kinachosaidia hapo hupakuliwa kabla: ramani za nje ya mtandao, namba za watu zilizoandikwa kwenye karatasi, na programu kama Briar inayopeleka ujumbe kwa Bluetooth kwa aliye karibu.

Siasa za dunia sizikatai, zinahusu sana. Ila zijadiliwe kwa ushahidi, tuache huu ushabiki wa Simba na Yanga. Crypto AG ilikuwa kampuni ya Uswisi, nchi isiyofungamana na upande wowote, na serikali nyingi zilinunua mashine zake za kufunga siri. Mmiliki wa siri tangu 1970 alikuwa CIA pamoja na idara ya ujasusi ya Ujerumani Magharibi; dunia ilielezwa Februari 2020. Upande wa pili, Januari 2018 gazeti la Le Monde liliandika kwamba data za makao makuu ya Umoja wa Afrika, Addis Ababa, jengo lililojengwa na China, zilikuwa zikienda Shanghai kila usiku kati ya saa sita na saa nane. China ilikanusha. Mwenye kushangilia mojawapo ya habari hizi na kuificha nyingine, huyo anatafuta timu ya kushangilia.

Cha kuuliza ni nani ameshika funguo za kufungulia meseji zako, na barua ya mahakama ikifika kampuni ina nini cha kutoa. Signal, programu ya meseji, ni ya Marekani. Mwaka 2016 ilidaiwa taarifa za watumiaji na Marekani hiyohiyo, ikawa na vitu viwili tu vya kutoa: siku akaunti ilipofunguliwa na siku ilipounganika mara ya mwisho. Telegram, ambayo baadhi yenu mnaiuza hapa kwa kuwa "si ya Wamarekani", mazungumzo yake ya kawaida yanakaa kwenye seva zake na funguo inazo kampuni yenyewe. Kinachofungwa kati ya simu na simu ni yale mazungumzo ya siri ya watu wawili, magrupu hapana. Na Septemba 2024, mwezi mmoja baada ya mwenye kampuni kukamatwa Ufaransa, ilitangaza kwamba hutoa namba ya simu na anwani ya IP ikipata ombi halali la kisheria.

Mwisho, mliosambaza kwamba ukipiga *#21# utajua kama unadukuliwa: namba hiyo huonyesha kama simu zinazokupigia zinapelekwa kwenye namba nyingine, basi. *#62# ni za wakati haupatikani. Ukikuta namba usiyoijua, piga ##002# kufuta zote, kwa sababu matapeli huzitumia kupokea simu inayosoma namba ya kuthibitisha WhatsApp yako. Programu ya ujasusi haionekani humo, na mtu akisoma "haijawekwa" anaondoka akiamini yuko salama. Mlioandika hivyo mrudi kwenye zile nyuzi mrekebishe.